Injini Tatu za Bwana Tumbaku

Injini ya kwanza ilimng'oa Lydia jino. Si kwamba ilimwangukia. Ilikuwa imekaa zake kibandani nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia, na Lydia akaona pale juu panafaa kuanikia maharage, kwa kuwa jua la asubuhi lilipafikia vizuri na kuku hawakupafikia. Mumewe Aminieli alirudi kutoka kazini, akayaona maharage juu ya chuma, na kabla hajauliza lolote mkono ulikwisha kwenda. Baadaye aliliokota lile jino mwenyewe, akampa Lydia, akasema, "Mama Yoeli, vumbi la maharage linaingia kwenye silinda." Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi.

Aminieli alikuwa makanika wa mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya Akheri. Wafanyakazi walimwita Bwana Tumbaku, kwa sababu kiko hakikumtoka mdomoni hata alipopanda farasi. Alikuwa na malori mapya, wala hakuyajali. Alichokipenda ni gari moja kuukuu, Ford ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli, ya tangu siku zile Mwingereza alipomfukuza Mjerumani. Alilipenda kama mtu apendavyo ng'ombe aliyeachiwa na babu yake. Na kwa kuwa aliogopa kwamba siku moja injini yake itakufa, kila aliposikia kuna mzoga wa Ford ya namna ile uliotupwa na jeshi porini, alituma watu wakaing'oe injini na kuileta. Ya kwake ikakataa kufa, na za akiba zikawa tatu. Stoo ilipojaa, aliamuru zikakae kwa makanika wake.

Mwaka uliofuata ule ambao watu wa Ngare Nanyuki walichomewa nyumba na kuswagwa na mifugo yao ili wazungu wapate malisho, Bwana Tumbaku akatangaza kwamba amechoka na anarudi kwao Ulaya. Shamba ameliuza. Ford ataipandisha meli. "Na zile injini za akiba, Aminieli, nitakuachia wewe," alisema mbele ya watu, kisha akaenda zake kuvuta kiko.

Laiti asingesema! Toka siku ile kila mwanamume wa Akheri alijua la kufanya na injini za Aminieli, isipokuwa Aminieli mwenyewe. Jumatatu alitaka mashine ya kusagia mahindi. Jumatano alitaka msumeno wa kupasulia mbao. Siku nyingine alikaa kibandani amekunja uso, akisema kwa nini asiunde gari lake mwenyewe, naye apite barabara ya Moshi akipiga honi kama mzungu? Lydia aliipenda ile ya mashine ya kusaga, maana mgongo wake ndio uliokuwa ukiinama kwenye kinu, lakini hakuulizwa. Kuamua kulimshinda Aminieli. Kazi aliyoiweza ni kutengeneza na kupiga.

Mdogo wake, Thomasi, alikuwa nyapara katika shamba lile lile. Yeye alitaka injini moja iendeshe mashine ya kumenya kahawa katika kihamba cha baba yao, lile shamba la migomba na kahawa la ukoo, na akasema hivyo siku ukoo umekusanyika kula mbuzi. Alisema kwa maneno ya mtu aliyezoea kuamrisha vibarua. "Kaka, vitu vya ukoo havikai kwenye gunia." Aminieli aliinuka na mfupa mkononi, akauweka chini taratibu, akachukua spana iliyokuwa mfukoni mwa kabuti lake na kumpiga mdogo wake begani. Mtulinga ulisikika ukivunjika, na mbwa wakaja kuuokota ule mfupa wa mbuzi. Wazee waliokuwapo walitikisa vichwa, wakasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, kisha wakaendelea kula. Wazee wengine hupenda sana methali siku ambayo wangetakiwa kusimama.

Thomasi alipopona alikwenda sokoni. Alinunua sime.

Halafu akaja Lemburis, Mwarusha wa Ngaramtoni, mtu mrefu wa dharau kidogo, ambaye maksai wake ndio waliozikokota injini zile kutoka porini. Alidai kwamba Aminieli alimwahidi moja, aipeleke sokoni kwao akasagie watu mahindi. Pengine aliahidiwa kweli. Alikuja na maksai na minyororo, akainama kuipenyeza kamba chini ya injini iliyokuwa imeinuliwa kwa nguzo, na Aminieli, badala ya kubishana kama watu wanavyobishana, aliipiga teke nguzo. Vidole viwili vya Lemburis vikabaki chini ya chuma. Lydia alimfunga mkono kwa kipande cha kanga yake, huku Lemburis akimtazama mumewe bila hata kulia, akisema kwa sauti ndogo, "Nitarudi. Wewe lala tu, nitarudi."

Lydia alikuwa na kazi ya kupiga pasi katika nyumba kubwa ya Bwana Tumbaku. Asubuhi moja, akishuka mtoni kuchota maji, alimkuta shemeji yake Thomasi amechutama kwenye jiwe, ananoa sime. Walisalimiana vizuri kabisa. Thomasi akauliza habari za watoto, na mkono wake haukuacha kunoa. Lydia alipanda kilima na ndoo kichwani, akajua kwamba Bwana Tumbaku akiondoka tu, mmoja kati ya ndugu hawa atazikwa.

Ndipo alipofanya kile alichokifanya. Akiwa na pasi ya makaa mkononi, alimwambia Memsahibu, mke wa Bwana Tumbaku, "Memsahibu, mkiondoka, ondokeni na zile injini. Zikibaki hapa watu watauana. Mume wangu ataua, au atauawa." Hakutaka zaidi ya hapo. Alifikiri zitapandishwa lori kama mizigo mingine, ziende zikashinde huko Ulaya, na wanaume wa Akheri watafute kitu kingine cha kugombania. Memsahibu alisema, "Ahsante, Lydia, umefanya vizuri." Akampelekea mumewe maneno.

Lakini Bwana Tumbaku hakuwa na nafasi ya vyuma vitatu kwenye meli. Alifikiri kidogo akivuta kiko, akaona njia fupi.

Adhuhuri, wachumaji wa kahawa walipokuwa wakipima madebe yao uani, aliagiza injini ziletwe na kupangwa kwenye mawe. Akamwita Aminieli, akamkabidhi nyundo kubwa ya kupasulia mawe. "Zivunje," alisema. "Zote. Sitaki kuacha nyuma yangu kitu cha kuwatoa watu roho."

Aminieli alidhani hakusikia vizuri. "Bwana, ulisema ni zangu."

"Nimebadili."

"Nani amekuletea maneno, Bwana?"

"Mtu mwenye akili kuliko wewe. Piga."

Lydia alikuwa amesimama na wanawake karibu na mizani. Alifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Hakuna aliyemwangalia, kwa sababu wote walikuwa wakimwangalia Aminieli, na wengine walikwisha kuanza kurudi nyuma. Hapa inafaa isemwe kwamba Aminieli hakuwa mtu wa hivi hivi. Ukoo wao ulikuwa wa wahunzi tangu zamani, kabla ya kanisa na kabla ya kahawa, na watu wa mlimani walijua miiko yao. Mhunzi hupiga chuma kikiwa chekundu. Akikipiga kikiwa baridi, na moyoni ana hasira, hapo hapigi chuma tena; anamtafuta mtu. Atakalolitamka na nyundo ikiwa juu litamfikia huyo aliyemkusudia, awe karibu, awe mbali.

Mlinzi wa shamba, Mzee Saning'o, alipiga kelele, "Aminieli! Usipige, mwanangu! Chuma kimepoa!"

Bwana Tumbaku akauliza huyu mzee anapayuka nini. Wachumaji walizidi kurudi nyuma.

Aminieli aliinua nyundo. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Aliyepeleka maneno haya," alisema kwa Kimeru, kila mtu akasikia, "nyundo imfuate. Mifupa yake isikie ninavyosikia mimi." Akapiga. Injini ile ilipasuka kama chungu, vipande vikaruka, kimoja kikamchana mchumaji mmoja shavu. Akairudia mpaka ikawa vigae. Akahamia ya pili. Alikuwa akilia sasa, machozi na kamasi vimechanganyika na mafuta meusi, na kila pigo alirudia maneno yale yale, na kila pigo Lydia alilisikia kwenye nyonga, kwenye magoti, kwenye taya pale jino lilipokuwa.

Ya tatu hakuifikia. Macho yake yaliinuka, yakamkuta Thomasi amesimama na fimbo yake ya unyapara, na ikawa kana kwamba mtu amemnong'oneza jibu. "Wewe," alisema. Nani mwingine angeweza kusema na Bwana? Nani mwingine alikuwa na kisasi? Thomasi aliitafuta sime yake kiunoni. Sime ilikuwa nyumbani, kwa sababu Bwana hakuruhusu silaha uani. Alikinga mkono. Nyundo iliuvunja mkono ule kama bua la mhindi, na mfupa ukatokeza mweupe. Thomasi akapiga magoti. Nyundo ikapanda tena, na safari hii ilikuwa inakuja kichwani.

Lydia angeweza kunyamaza. Hilo alilijua wakati ule ule, na alilijua maisha yake yote. Hakuna aliyemwona akiongea na Memsahibu. Thomasi angekufa, Aminieli angenyongwa, na yeye angebaki na laana yake kimya kimya, labda isingempata. Alijikuta katikati ya uwanja.

"Ni mimi!" alipiga kelele. "Baba Yoeli, ni mimi niliyesema! Mwache mwenzio, ni mimi!"

Nyundo ilisimama hewani. Aminieli aligeuka akamtazama mke wake, na uso wake, uliokuwa umejaa damu, ukawa wa kijivu kama majivu ya kuni. Kumpiga hakumpiga. Kilichommaliza nguvu ni kukumbuka alichokuwa akikitamka tangu alipoanza kupiga. Nyundo ikamdondoka. Akaketi chini kati ya vigae vya injini, akajishika kichwa, na vijana wa shamba wakapata ujasiri wa kumrukia na kumfunga kamba, wakimpiga mateke kulipiza ya zamani. Wakampeleka mjini, Boma, na nyundo yake.

Bwana Tumbaku aliondoka wiki ile, na Ford yake ikalia vizuri mpaka kwenye kona ya barabara kuu. Injini ya tatu ilibaki uani, nzima. Hakuna aliyeigusa. Thomasi, mkono umefungwa vibanzi, alipita kando yake na kuangalia pembeni. Lemburis aliporudi, na rungu safari hii, alimkuta Lydia peke yake mlangoni.

"Mume wako yuko wapi?"

"Jela. Injini iko kule uani kwa Bwana. Ichukue, na maksai wako uwalete leo leo."

Lemburis alitazama mkono wake wenye vidole vitatu, akamtazama mwanamke. "Unanipa tu?"

"Nakupa. Nenda ukawasagie watu wenu mahindi." Jambo lililowashinda wanaume mwaka mzima, wakavunjana mifupa kwa ajili yake, Lydia alilimaliza akiwa ameshika mwiko.

Lakini lake mwenyewe halikuisha. Wanawake wa Akheri walimsalimia kwa mbali. Hakuna aliyeacha mtoto wake abebwe naye. Mifupa ilimuuma, ikaanzia nyonga ikashuka, mpaka akawa anakwenda mtoni kwa fimbo, naye hata hajafika umri wa fimbo. Mchungaji Manase alikuja, akaweka mkono kichwani pake, akasema laana ya mhunzi haina nguvu juu ya mtu aliyebatizwa. Lydia alisema amina, na alimaanisha. Mifupa haikusikia. Alitamani sana kurudi kwao Poli, kwa mama yake mzazi, lakini aliogopa: mtu aliyelaaniwa akihama hubeba alichonacho hadi kwenye nyumba anayoingia.

Mama mkwe wake, Penina, ndiye aliyemwambia ukweli bila kuuzungusha. "Mchungaji ni mtu mwema, lakini hakuzaliwa katika ukoo huu. Anayefungua ni yule yule aliyefunga. Nyundo ile ile, siyo nyingine, ailowanishe kwa mate yake, akuguse nayo utosini, aseme amekuachilia. Bila hivyo, mwanangu, utakauka."

"Mkono uko jela, mama. Na nyundo iko Boma."

"Najua," alisema Penina, akaanza kulia.

Lydia alikwenda Boma na kibuyu cha maji, akiwaza kwamba labda askari wangemruhusu mumewe aishike nyundo kidogo tu, kupitia dirishani. Askari wa zamu alicheka mpaka akamwita mwenzake aje asikie. Nyundo ni kielelezo, walimwambia. Ni mali ya Serikali mpaka kesi iishe, na kesi ikiisha itatupwa. Yule wa pili akamsukuma kwa kitako cha bunduki, akaanguka kwenye changarawe, na kibuyu kikapasuka.

Siku ya kesi alipanda ngazi za Boma kwa fimbo yake. Bwana Shauri, mzungu wa Serikali aliyeamua kesi, alikaa mbele, mkalimani pembeni, na juu ya meza ikalazwa nyundo, imefungwa kikaratasi kwenye mpini. Thomasi alishaonyesha mkono wake, ambao haukunyooka tena. Aminieli alisimama amekonda, mikono imefungwa pingu kwa mbele, na macho yake hayakwenda kwa Bwana Shauri hata mara moja. Yalitoka kwenye nyundo yakaenda kwa Lydia, yakarudi kwenye nyundo. Lydia aliyajua macho yale. Alikuwa ameyaona kabla ya spana, na kabla ya nguzo kupigwa teke.

Wakamwita atoe ushahidi. Alisimama karibu na meza, na alipofungua tu mdomo, Aminieli aliruka.

Askari mmoja alianguka na benchi lake. Pingu zilipiga meza, wino ukamwagika, na nyundo ikawa mikononi mwa Aminieli. Watu walipiga mayowe. "Atamuua! Atamuua mke wake!" Rungu la kwanza lilimpata mgongoni, la pili kwenye mbavu, na Lydia aliona nyundo inapanda usoni pa mumewe kisha inamjia yeye. Hakujua. Ni lazima isemwe hivyo, kwa sababu wengi walimsingizia baadaye kwamba alijua. Mtu aliyemng'oa jino kwa ajili ya maharage anamjia na nyundo, na ndani ya nyundo ile kulikuwa na kifo chake au uzima wake, na hakukuwa na wakati wa kuuliza. Fimbo aliitupa. Liwalo na liwe, alisema moyoni, akainamisha kichwa.

Chuma kilimgusa utosini. Kilikuwa cha baridi, nacho kilikuwa kimelowa mate.

"Nimekuachilia, Mama Yoeli," Aminieli alisema kwa Kimeru, akihema. "Mifupa yako ipone. Nimeku—" Rungu likamshukia kichwani, na jingine, na jingine, mpaka damu yake ikaruka kwenye kanga ya Lydia, na waliendelea kumpiga hata alipokuwa amelala kifudifudi na nyundo imeshachukuliwa.

Bwana Shauri, amesimama nyuma ya kiti chake, aliuliza kama mwanamke ameumia. "Sikuumia," Lydia alisema. "Hakunipiga. Amenifungua." Akaeleza yote, tangu mwanzo, kwa utulivu, na mkalimani, ambaye alikuwa Mmeru na alielewa vizuri, alitafsiri kila neno. Bwana Shauri alisikiliza, akasema wake zao daima huwatetea, akaongeza miaka kwa kosa la kutaka kuua mbele ya baraza.

Lydia alitembea kwa miguu mpaka Akheri bila fimbo. Kwa mama mkwe alikula bakuli zima la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, kama mtu aliyetoka kuugua. Kisha akaanza kukunja nguo za watoto na kuzifunga kwenye shuka.

"Unakwenda wapi?" Penina aliuliza. "Si amekufungua?"

"Ndiyo maana naenda, mama. Nilipokuwa nimefungwa nisingeweza."

Alikaa Poli, akalima migomba ya mama yake, akawalea Yoeli na dada yake. Aminieli alipotoka jela, kovu limekata nywele zake katikati, alikwenda huko na jani la sale mkononi. Kila mtu wa mlima huu anajua: anayekuja na sale hafukuzwi, na aliyeletewa sale hawezi kukataa kusamehe. Majirani walitoka kuangalia. Lydia alilipokea jani kwa mikono miwili, kama inavyopasa, akalichomeka kwenye paa juu ya mlango. Akamletea mwanamume maji ya kunawa, akampakulia ndizi na nyama, akakaa naye mpaka alipomaliza kula.

"Nimekusamehe, Baba Yoeli," alimwambia alipokuwa akimnawisha. "Kabisa. Sasa nenda nyumbani kwako."